Kukata maneno katika Python: mbona hesabu inaanzia 0?

Swali: Salaam aleikum. Naanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nimeandika neno = "Mombasa". Nikiita neno[1] napata "o" badala ya "M". neno[7] inagoma kabisa, na herufi ni saba! Tena neno[0:3] inaleta "Mom" tu, herufi ya namba 3 haimo. Nakosea wapi?
*Msomaji, Likoni*

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Tazama futi ya fundi wa nguo pale Biashara Street. Inchi ya kwanza haianzii kwenye 1; inaanzia mwanzo wa utepe, kwenye 0, na kuishia kwenye 1. Herufi za stringi (maandishi yaliyo ndani ya alama za nukuu) zimekaa vivyo hivyo: "M" iko kati ya alama 0 na 1, "o" kati ya 1 na 2, mpaka "a" ya mwisho iliyo kati ya 6 na 7. neno[1] ni herufi inayoanzia alama ya 1, yaani "o". Kwenye 7 utepe umekwisha, hakuna herufi inayoanzia hapo, ndipo unapopata kosa la IndexError.

Sasa shika mkasi. neno[0:3] hukata kwenye alama 0 na alama 3, na "b" hubaki upande wa pili. Uzuri wake ni kwamba ukitoa namba ya kwanza katika ya pili unajua umekata herufi ngapi: neno[3:7] ni herufi 4, "basa". Ukitaka kufika mwisho, acha wazi: neno[3:]. Kuhesabu kutoka nyuma, tumia hasi: neno[-1] ni "a", neno[-4:] ni "basa". Lakini neno[-4:-1] ni "bas", na hapo wengi hunaswa.

Jihadhari: mkasi ukipita mwisho wa utepe Python hailalamiki. neno[3:50] inaleta "basa", na neno[50:] inaleta stringi tupu, kimya kimya. Kosa la namna hii husumbua kulitafuta kuliko IndexError.

Swali: Nataka namba za simu za wateja zianze na +254 badala ya 0. namba[0] = "+254" inakataliwa.
*Msomaji, Kisauni*

Jibu: Stringi ikishaundwa haibadilishwi ndani, ndiyo maana unaona kosa la TypeError. Unda mpya: namba = "+254" + namba[1:]. Namba iwe ndani ya alama za nukuu, maana namba nzima inayoanza na 0 bila nukuu Python 3 huikataa. Mteja akiacha nafasi mbele, [1:] itakata hiyo nafasi na 0 itabaki, kwa hiyo tanguliza namba = namba.strip(), inayoondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni. Kisha hakikisha len(namba) == 10 (yaani urefu wake ni tarakimu 10) na namba[0] == "0" kabla ya kukata. Usipime "07" peke yake. Ziko laini zinazoanza na 01.