Dafodili za London, dafodili za Minneapolis na tulipu za Arusha

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi Minneapolis, Marekani. Dada yangu yuko London. Kila mwaka, Februari ikielekea kwisha, ananirushia kwenye WhatsApp picha za dafodili, yale maua ya njano, zimeshachanua bustanini kwake. Wakati huo mimi bado nasukuma theluji mlangoni, na dafodili zangu huchanua mwishoni mwa Aprili, mwaka mwingine Mei kabisa. Nimeangalia ramani nikashangaa: London iko kaskazini zaidi kuliko kwetu! Inakuwaje wenye kaskazini watangulie? La pili: mwaka jana nilimpelekea mama Arusha vitunguu vya tulipu (si vya kula; ni ile sehemu ya ua inayopandwa, yenye umbo la kitunguu). Vimeota vizuri, vikatoa majani, ua hata moja hakuna. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Maswali ni mawili lakini yanajibiwa na kitu kimoja, na vizuri sana umeanza kwa kuangalia ramani.

Tuanze na kitunguu chenyewe. Mwezi Septemba, kabla hujapanda, toa dafodili moja sadaka. Ikate kwa urefu kwa kisu chenye makali, kuanzia ncha hadi kitako. Utaona matabaka meupe yaliyokumbatiana, na katikati kabisa, katikati ya majani machanga, pana kichipukizi kidogo cha rangi hafifu. Kiweke chini ya kioo cha kukuzia: petali zipo, stameni zipo. Ua utakalolifurahia Aprili ijayo limeshaumbika, miezi saba kabla. (Nawa mikono ukimaliza. Utomvu wake huwasha ngozi, na kitunguu cha dafodili ni sumu kikiliwa.)

Kama ua limeshaumbika, linasubiri nini? Linasubiri mambo mawili, tena kwa mpangilio. Kwanza lipate baridi ya kutosha, kisha lipate joto la kutosha. Kalenda haimo katika hesabu hiyo.

Baridi inayotakiwa ni ile ya wastani, kuanzia juu kidogo ya sifuri hadi kama nyuzijoto 9, nayo iendelee kwa wiki nyingi. Kwa tulipu, wakulima huhesabu wiki 12 hadi 16. Bila hiyo, shina la ua halirefuki. Ukikumbuka zilikotoka utaelewa sababu: tulipu za mwituni ni za milima ya Asia ya Kati, ambako majira ya baridi ni makali. Mmea ambao ungechanua kwa kudanganywa na siku chache za joto za Oktoba ungeunguzwa na barafu ya Desemba. Iliyobaki ni ile inayongoja hadi baridi imepita kweli.

Baridi ikishatimia, hesabu ya joto inaanza, na hapa ndipo wewe na dada yako mnapoachana. Wataalamu huchukua wastani wa joto la siku na kutoa kiwango cha chini ambacho mmea haukui, mara nyingi nyuzijoto 5. Kinachobaki ndicho akiba ya siku hiyo. Siku yenye wastani wa 9 imeweka 4, siku yenye wastani wa 3 haikuweka kitu. Ni kibubu: kila siku inatumbukiza ilichonacho, na kikifika kiasi ambacho aina hiyo ya ua inataka, ua linafunguka. Wazo hili la kujumlisha joto si geni, Mfaransa Réaumur alilitoa tangu mwaka 1735.

Sasa linganisha vibubu vyenu. Wastani wa joto la Januari London ni kama nyuzijoto 5 au 6 juu ya sifuri. Minneapolis ni kama 9 chini ya sifuri. London iko latitudo 51.5 kaskazini na Minneapolis 45, kwa hiyo wewe ndiye uliye karibu zaidi na ikweta, lakini Uingereza inapokea upepo wa magharibi uliopita juu ya bahari ya Atlantiki, na maji yake yamepashwa na mkondo unaotoka kusini. Bahari hupoa polepole, nayo hukopesha joto lake nchi kavu majira yote ya baridi. Minneapolis iko katikati ya bara, mbali na bahari yoyote, na hewa ya kutoka Kanada haina kizuizi. Kibubu cha dada yako kinapokea senti mbili tatu hata Januari. Chako hakipokei kitu hadi Machi inakaribia kwisha.

Na ardhi yako inaongeza ucheleweshaji. Jimboni kwako mafundi huchimba msingi wa nyumba zaidi ya mita moja kwenda chini ili kuupita udongo unaoganda. Jua la Machi likirudi, nguvu yake ya kwanza inaishia kuyeyusha theluji na barafu ya ardhini. Kitunguu kilichoko sentimita 15 chini hakihisi lolote mpaka kazi hiyo iishe. Ndiyo maana unaweza kupata siku mbili tatu za kutoka bila koti, na bustani ikabaki imelala.

Kuna jambo ambalo ningependa ulipime mwenyewe. Tofauti yenu si ya miezi miwili kwa maua yote. London huanza na snodropu, kile kiua cheupe kinachoinamisha kichwa, Januari au Februari. Zinafuata krokasi, kiua kingine kifupi cha mapema, kisha dafodili, micheri (miti ya cheri), tulipu, halafu lailaki, kichaka chenye maua yanayonukia, mwishoni mwa Aprili na Mei. Ni maandamano ya miezi minne. Kwako joto likishaanza kupanda linapanda kwa kasi, kutoka barafu hadi fulana ndani ya wiki chache, na maua yote yanabanana humo. Lailaki za Minneapolis huchanua kati au mwishoni mwa Mei. Kwa hiyo kwenye snodropu dada yako anakupita mbali sana, kwenye dafodili kama miezi miwili, ila mkifika kwenye lailaki amekutangulia wiki mbili au tatu tu. Mimi naona majira yenu ya machipuko, kwa ufupi wake huo, ni mazuri kuliko ya London, maana unaona krokasi na dafodili na tulipu karibu kwa pamoja.

Ile kanuni ya “kaskazini zaidi, kuchelewa zaidi” haikuzuka hivihivi. Mwaka 1918 Andrew Hopkins, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, aliandika kwamba machipuko huchelewa siku 4 kwa kila digrii moja ya latitudo unapokwenda kaskazini, na siku 4 kwa kila futi 400 unazopanda mlima, yaani kama mita 120. Aliweka pia hesabu ya kwenda mashariki na magharibi. Ndani ya Amerika Kaskazini inasaidia: ukilinganisha bustani yako na ya rafiki aliyeko kusini mwa Iowa, utapata makisio ya kuridhisha. Ukivuka nayo bahari, imekupoteza.

Swali ambalo mngepaswa kuulizana ni aina ya dafodili mlizopanda. ‘February Gold’ na ‘Tête-à-tête’ huwahi, nyingine huchelewa kwa wiki kadhaa hata zikiwa kwenye tuta moja. Ili kuondoa utata wa aina hiyo, nchi za Ulaya zilianzisha mwaka 1957 mtandao wa bustani za uchunguzi ambamo hupandwa miti na vichaka vilivyozalishwa kwa vipandikizi kutoka mmea mmoja. Kikichanua mapema huku na kuchelewa kule, mbegu haiwezi kusingiziwa. Ni hali ya hewa tu.

Na hali ya hewa yenyewe haijatulia. Huko Kyoto, Japani, kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zinarudi nyuma hadi karne ya 9. Mwaka 2021 kilele kilikuwa 26 Machi, mapema kuliko tarehe yoyote iliyokuwa imeandikwa hadi wakati huo. Kwa hiyo tarehe nilizokupa hapa juu zichukue kama za kawaida, si ahadi. Daftari lako mwenyewe, lenye tarehe ya ua la kwanza la kila mwaka, litakufaa kuliko tarehe zangu.

Ukitaka kuwahi, tafuta ukuta wa nyumba unaotazama kusini. Huko kwenu jua la Machi linapita upande huo, ukuta unapata joto mchana na kulirudisha usiku, na theluji ya hapo huyeyuka kwanza. Panda krokasi na snodropu hapo Oktoba. Usirundike matandazo mazito juu yake, maana matandazo huweka ardhi baridi kwa muda mrefu zaidi.

Sasa tulipu za mama. Kwako tatizo lilikuwa kukosa joto. Arusha tatizo ni kukosa baridi. Hata Julai, pamoja na ule ubaridi wa Meru unaowafanya watu watafute masweta, hakuna wiki 12 mfululizo chini ya nyuzijoto 9. Kitunguu kilitoa majani kwa akiba kilichokuja nayo, shina la ua halikupata ruhusa. Hukukosea kupanda, na mama hakukosea kutunza.

Friji inaweza kuziba pengo hilo. Vitunguu vikae kwenye mfuko wa karatasi sehemu kavu yenye hewa hadi katikati ya Februari, kisha viingie kwenye friji, nyuzijoto 4 hadi 7, mpaka mwishoni mwa Mei. Visiwe pamoja na matunda. Ndizi na tofaa zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huua kile kichipukizi cha ndani bila kuonyesha dalili yoyote nje. Mfuko uandikwe kwa herufi kubwa kwamba si chakula, kwa sababu jikoni mtu anaweza kuvikatia mchuzi. Vikitoka, tupa vilivyolainika, panda vizima kwenye chungu chenye udongo usiotuamisha maji, kikae barazani mahali pasipopigwa jua la mchana. Maua yakinyauka, shughuli imeisha. Mwaka unaofuata havitachanua tena bila friji.

Vitunguu vya maua pia havisafiri kwenye begi kimyakimya. Vinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Wanaohusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na makao yao yako hukohuko Arusha, mama anaweza kutuma mtu akaulize.

Lakini ningekuwa wewe ningemuuliza mama kama anataka tulipu au anataka maua. Ikiwa anataka maua, agapanthasi na gladiola hustawi Arusha bila friji. Na kama jirani ana shamba la kahawa, ataiona hesabu hii hii kwa sura ya kwetu: vichipukizi vya mkahawa hukaa vimefumba muda wote wa ukame, mvua ikinyesha ya kutosha, baada ya siku nane hadi kumi shamba zima ni jeupe na linanukia. Mkahawa unasubiri kiu kisha maji, kama dafodili zako zinavyosubiri baridi kisha joto. Mwambie mama akupigie video asubuhi hiyo bila kuchelewa, maana maua ya kahawa hudumu siku mbili au tatu tu.