Biti za laptop na kayamba vinagombana kwenye albamu yetu, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo anko. Sisi bendi ya watu wanne, tuko Morogoro, tunarekodi albamu yetu ya kwanza chumbani kwa mwenzetu. Biti tunatengeneza kwenye laptop, juu yake tunapiga gitaa kavu na kayamba. Shida kila tukisikiliza tunasikia kama nyimbo mbili zinapigwa kwa wakati mmoja. Prodyuza mmoja katuambia tuchague moja, mashine au mkono. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msichague! Hapo mlipo ndo penyewe. Katafuteni Scratch to Reveal ya Just a Band wa Nairobi, albamu yao ya kwanza, ilitoka 2008, wale kina Blinky Bill, Jim Chuchu, Mbithi Masya na Dan Muli, haus na fanki, miziki ya kudansi, za kompyuta lakini ukisikiliza unajua kabisa hawa ni watu wa Nairobi, hata wimbo wao Iwinyo Piny jina lake ni la Kijaluo. Mi ile albamu naipenda mpaka leo.

Sasa ugomvi wenu nadhani unaanzia kwenye mwendo. Kompyuta inapiga kila pigo palepale bila kupepesa, mkono wa kayamba unatangulia kidogo unachelewa kidogo, na hapo ndo utamu wenyewe ulipo, sasa nyie mkiinyoosha kayamba ifuate mashine mnaiua. Fanyeni kinyume, rekodini kayamba kwanza halafu sogezeni biti kidogo kidogo imfuate mpigaji. Na zile haihati za kompyuta, yaani zile sauti za matoazi, zitoeni kabisa, maana sauti yake inakaa juu kulekule inakokaa kayamba, lazima zigombane. Gitaa nalo likateni zile sauti nzito za chini ya hezi 100 hivi, kiki (lile pigo zito la ngoma kubwa) na besi vipate pa kupumulia.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: kayamba mmeirekodi chumbani kwa maiki, kwa hiyo ina hewa ya chumba, yaani mwangwi wa kuta, biti haina hewa yoyote, imetoka moja kwa moja kwenye laptop. Ndo maana zinasikika kama nyimbo mbili. Chukueni biti ipigeni kwa spika humohumo chumbani, iwekeeni maiki mbali kidogo, irekodini upya, halafu hiyo mliyorekodi ichanganyeni kidogo na ile ya mwanzo. Aisee mtashangaa.

Na msijaze. Bendi ya The xx wa London albamu yao ya kwanza ya 2009 ina nafasi tupu kibao, gitaa noti chache tu, na kwenye jukwaa mwenzao Jamie alikuwa anapiga mashine ya biti kwa vidole vyake kama mpiga ngoma, 2010 wakachukua Mercury, tuzo ya albamu bora kule Uingereza. Hata nyie mnaweza kuwa na mmoja wa kupiga biti kwa vidole badala ya kuichora kwa mausi.

Jaribuni kwa wimbo mmoja kwanza, ule ambao kayamba ndo inaanza, halafu nitumieni niusikilize.