Kodi kwenye TV ya wazazi: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama ile kompyuta yako ya zamani inaweza kuwa ya kutazamia filamu kwenye TV ya wazazi, na kama Kodi, ile programu ya kuchezea filamu kwenye TV, inawafaa. Kodi inawafaa. Hiyo kompyuta ndiyo ina neno, nitaifikia.

Mimi nilianza na kompyuta yenye Linux ya kawaida, yaani mfumo endeshi kama Windows, nikaichomeka kwenye TV ya inchi 43 nyumbani Tanga. Maandishi yakawa kama sisimizi. Mama kakaa kwenye kochi, mausi kaiweka juu ya goti, ananiuliza, "Mwanangu, hiki kishale kimekwenda wapi tena?" Siku ya tatu akarudi kwenye king'amuzi chake, na wala sikumlaumu. Mtu akikaa mita tatu kutoka kwenye TV anataka herufi kubwa, na rimoti yenye mishale minne, OK na kurudi nyuma, basi. Kodi ilizaliwa hivyo: ilianza kama kicheza video cha Xbox, ile mashine ya gemu, na mpaka 2014 ikiitwa XBMC. Mausi imekutana nayo ukubwani.

Nikahamia Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo cha kuchomeka kwenye TV, yenye LibreELEC, yaani Linux iliyopunguzwa ikabaki kuendesha Kodi tu. Ukiwasha, unatua kwenye menyu. Rimoti mpya nilishaagiza, kumbe hela imepotea bure: rimoti ya TV yenyewe inatosha, amri zinapita kwenye waya wa HDMI kwa kitu kinaitwa CEC. Ila lazima ukiwashe kwenye TV, na kila kampuni imekibatiza jina lake. Samsung ni Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync. Nilimaliza jioni nzima nikitafuta neno CEC kwenye menyu, halimo.

Kisha punguza menyu. Kwenye setingi za Estuary, mwonekano unaokuja na Kodi, unaweza kuzima hali ya hewa, redio, gemu na kadhalika. Kwa Mama nimebakiza filamu na tamthilia tu. Majina ya mafaili yaandike vizuri, jina halafu mwaka kwenye mabano, la sivyo Kodi itakubandikia poster ya filamu nyingine. Zangu kadhaa za Kibongo haikuzipata kabisa. Nikatia picha yenye jina folder.jpg ndani ya folda ya kila filamu, zikapendeza.

Chaja ya simu usijaribu kuwashia Pi. Niliona alama ya radi ya njano juu kwenye kona nikaipuuza, ni umeme haujatosha. Memori kadi ya Pi ilikufa baada ya umeme kukatika mara mbili usiku mmoja, sasa natumia SSD, yaani diski, ya USB.

Sasa kompyuta yako: HDMI za kompyuta nyingi za kawaida hazina CEC. Rimoti ya mzee haitafanya kitu, mpaka ununue adapta ya USB ya Pulse-Eight au rimoti ya pembeni. Piga hesabu ya hiyo adapta kwanza, ulinganishe na bei ya Pi iliyotumika.