Jina limesainiwa, mwenyewe yuko bwenini

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wanafunzi wa chuo walazimishwe kuhudhuria vipindi au waachwe wajiamulie, maana ni watu wazima. Nitajibu kwa somo moja tu ninalolijua, uandishi wa programu za kompyuta kwa mwaka wa kwanza, ambalo nasimamia mazoezi yake kwa mwaka wa sita sasa. Wa historia na sheria watajisemea wenyewe.

Jibu langu: maabara walazimishwe, ukumbi wa mihadhara waachiwe.

Chuoni kwetu asiyefikisha asilimia 75 ya mahudhurio hafanyi mtihani wa mwisho. Sheria hiyo imezaa ufundi wake. Karatasi ya saini inaanza kuzunguka saa mbili na robo. Ikifika safu za nyuma, mtu anatoa kalamu tatu tofauti, anajisainia, anamsainia mwenzake aliyelala bwenini, kisha na wa tatu aliyekwenda mjini. Siku moja nilihesabu vichwa, saini zikazidi kwa arobaini na kitu. Sikumwambia mtu. Na mimi nilishawahi kusainiwa.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza, bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, limechelewa, nikaenda wiki mbili kumsaidia mjomba dukani. Wiki hizo ndizo wenzangu walizofundishwa masharti (kama hivi, fanya vile) na lupu (kurudia kazi ileile) kwa C, lugha mojawapo ya kuandikia programu. Niliporudi nikaomba desa, yaani notisi za mwenzangu, nikapewa, limeandikwa vizuri, nikalikariri lote. Kwenye tesiti tukaambiwa tuandike programu ya kujumlisha namba 1 hadi 10. Mfano wa kwenye desa ulikuwa wa kuzichapa tu. Nikazichapa, zote kumi, zimepangana kama askari, jumla haipo. Tatu kwa ishirini.

Mtu anaweza kukosa kipindi cha Vita vya Maji Maji akafuata vizuri tu kile cha Azimio la Arusha. Huku kwetu hapana. Ukikosa kipago cha tatu cha ngazi, cha nne unakitazama tu. Wala si shida ya Tanzania peke yake: mwaka 2007 Jens Bennedsen na Michael Caspersen wa Denmark walikusanya majibu ya vyuo zaidi ya 60 vya nchi mbalimbali, wakakuta wastani wa theluthi moja ya wanafunzi hawafaulu somo hili la kwanza.

Najua kuna atakayesema mahudhurio ndiyo dawa. Mwaka 2010 Marcus Credé na wenzake wa Marekani walipitia tafiti nyingi wakaona mahudhurio yanatabiri alama za chuo vizuri kuliko hata alama za mtihani wa kujiunga. Ila waliona pia kwamba kulazimisha hupandisha alama kidogo tu. Mimi hilo halinishangazi. Anayekuja kwa hiari anakuja na swali lake. Wa kulazimishwa anakuja na simu yake.

Maabara ni habari nyingine. Muhula uliopita binti mmoja alikaa kama dakika ishirini anautazama mstari wa 14. Kompyuta inamwambia kosa liko hapo. Ameufuta na kuuandika upya mara nne, na mstari wenyewe hauna tatizo lolote. Kilichokosekana ni nukta-mkato (;), alama ya kufungia amri, mwishoni mwa mstari wa 13. Kompyuta ilipitiliza ikitafuta pa kukomea, ikaja kujikwaa kwenye neno la kwanza la mstari unaofuata, ndipo ikapiga kelele.

“Dada, panda mstari mmoja,” nikamwambia.

Akapanda, akaona. “Mwalimu, kumbe inadanganya!”

“Haidanganyi. Inasema ilipojikwaa, haisemi jiwe liko wapi.”

Wiki iliyofuata nikamsikia akimwambia jirani yake, “Panda mstari mmoja.” Hilo halimo kwenye desa la mtu yeyote, na ukumbini, mbele ya watu mia na zaidi, halifundishiki.

Lakini hata maabara kuna kuhudhuria na kuhudhuria. Mashine zetu nzima ni 30, kundi moja lina watu 60, kwa hiyo wanakaa wawiliwawili. Anayeshika kibodi ni yuleyule tangu wiki ya kwanza, mara nyingi aliyetoka shule yenye kompyuta. Mwenzake anaitikia kwa kichwa muhula mzima, na saini zao ziko sawasawa. Matokeo yakitoka, waitikiaji ndio wanaojaa kwenye orodha ya sapu, mtihani wa marudio.

Siku hizi kila baada ya dakika 15 nagonga meza, wabadilishane kibodi. Na sigawi karatasi ya saini. Kabla ya kutoka, kila mmoja namwambia abadilishe kitu kidogo mbele yangu: programu iliyohesabu 1 hadi 10 ihesabu kurudi nyuma, basi. Akiweza, namwekea tiki. Akishindwa, anakaa tunaanza naye upya. Inachosha, nakiri, na mara nyingi tunatoka wapishi wa kantini wameshafunga.

Kuna wachache, kila mwaka mmoja au wawili, ambao hawaji kabisa na wanapata A. Mabwenini wanatajwa kama mashujaa. Niliyemuuliza mwaka jana alikuwa anaandika programu na kaka yake tangu kidato cha pili.

Nimepeleka idarani ombi kwamba tiki za maabara ndizo zihesabiwe kwenye ile asilimia 75. Nikaulizwa, sasa kwenye fomu saini itakaa wapi?