Matembezi ya Mashambani kwa Treni na Basi: Maswali ya Wasomaji

Wasomaji kadhaa wameuliza namna ya kufurahia matembezi mepesi ya mashambani kwa kutegemea usafiri wa umma. Maswali yao yamefupishwa hapa, kila moja likifuatwa na jibu lake.

Swali: Sina gari. Je, sitakosa sehemu nzuri ambazo wenye magari huzifikia?

Zipo utakazozikosa, lakini utapata uhuru ambao mwenye gari huupata kwa shida. Aliyeegesha gari hana budi kurudi pale pale alipoliacha, kwa hiyo matembezi yake huwa ya mzunguko, au huenda na kurudi kwa njia ile ile. Wewe unaweza kushuka kituo kimoja, ukafuata bonde zima hadi mwisho wake, kisha ukapandia kituo kingine bila kupita mahali pamoja mara mbili. Kwa sababu hiyo, unapofungua ramani usianze kwa kutafuta mandhari halafu ukahangaika na namna ya kuyafikia. Fuata kwa kidole reli au njia ya basi, tafuta vituo viwili vilivyoachana kilomita 6 hadi 10, kisha uangalie kama ipo njia ya miguu inayoviunganisha.

Endapo upande mmoja una basi linalopita mara chache na upande wa pili una treni za mara kwa mara, panda basi hilo asubuhi, halafu utembee kuelekea kwenye treni. Mpangilio huo ndio ninaousisitiza kuliko ushauri mwingine wowote, kwa maana anayetembea kuelekea kwenye usafiri wa uhakika hana sababu ya kuharakisha, na matembezi mepesi yakishakuwa ya haraka yamepoteza maana yake.

Swali: Nitajuaje safari itachukua muda gani?

Mwaka 1892, mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo hutumika hadi leo: saa moja kwa kila maili 3, yaani karibu kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani karibu mita 600. Kanuni hiyo iliwalenga watu wakakamavu, nayo haihesabu mapumziko. Kwa mtu anayetaka kusimama atazame ndege, au aketi kando ya mto, naona kilomita 3 kwa saa ni makadirio ya haki. Njia ya kilomita 9 yenye mwinuko wa jumla wa mita 150 itakuchukua saa tatu na robo, na ukiongeza saa moja ya kupumzika unapata saa nne na robo.

Mwinuko utausoma kwenye mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja kwenye ramani, ambayo ikikaribiana huonyesha mteremko mkali. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja. Kwenye ile ya 1:25,000, ambayo ni bora zaidi kwa mtembeaji, ni sentimita 4. Nchini Uswisi kazi hii imekwisha kufanywa, kwa kuwa vibao vya njano vya njia za miguu huonyesha muda wa kutembea badala ya umbali, ingawa navyo havihesabu mapumziko.

Swali: Ninaogopa kukosa basi la mwisho. Nifanyeje?

Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kupanga siku kuanzia mwisho. Tazama kwanza saa ya basi la mwisho, kisha chagua lile linalolitangulia kuwa ndilo basi lako, ili la mwisho libaki kuwa akiba. Kutoka hapo, hesabu kurudi nyuma hadi saa ya kuanza kutembea. Hakikisha kwamba ratiba unayoisoma ni ya siku hiyo hasa, kwani mabasi mengi ya vijijini hupungua au hayapo kabisa Jumapili na sikukuu, na yale yanayotegemea wanafunzi husimama shule zinapofungwa. Iandike ratiba kwenye karatasi, maana mabondeni mtandao wa simu hupotea.

Kagua pia kama kuna kijiji au barabara katikati ya njia ambako unaweza kukatisha matembezi na kupanda gari. Usisahau mwanga: kadiri unavyokuwa mbali na ikweta ndivyo siku za majira ya baridi zinavyokuwa fupi, kiasi kwamba jijini London katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Swali: Mama yangu amepita miaka 70 na magoti yanamsumbua. Je, zipo njia zinazomfaa?

Zipo, tena nzuri sana. Mtafutie njia zilizotengenezwa juu ya reli zilizoachwa. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wajenzi wa reli walichonga vilima na kujaza mabonde ili mwinuko uwe mdogo, na kazi yao hiyo sasa inamfaidi mtembea kwa miguu. Nchini Uhispania, tangu mwaka 1993, reli nyingi za namna hiyo zimegeuzwa kuwa njia za kutembea na za baiskeli zinazoitwa Vías Verdes. Kingo za mifereji ya zamani ya usafiri nazo zinafaa, kwa sababu zilitengenezwa ili farasi wakokote mashua, nazo huwa tambarare isipokuwa penye malango ya maji yanayopandisha na kushusha mashua.

Kumbuka kwamba kushuka huyaumiza magoti kuliko kupanda. Fimbo mbili za kutembelea zitampunguzia mzigo. Muulize pia anapendelea kupumzika wapi, kisha upange njia kwa kufuata jibu lake.

Swali: Je, ni lazima ninunue buti?

Hapana. Kwenye njia kavu na tambarare, raba ulizozizoea zinatosha. Malengelenge husababishwa na msuguano na unyevu, hivyo beba soksi kavu za kubadilisha, na usivae viatu vipya siku ya safari.

Swali: Ninaruhusiwa kupita kwenye mashamba ya watu?

Inategemea nchi. Norwei ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa, na Uskoti ilipitisha sheria ya mwaka 2003 yenye haki pana. Uingereza ilifika taratibu: tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji waliingia bila idhini kwenye mlima wa Kinder Scout, na baadhi yao wakafungwa, leo mlima huo uko wazi kwa watembeaji. Pasipo na haki ya namna hiyo, omba ruhusa.

Popote ulipo, pita pembeni mwa mazao kwa mstari mmoja, na uliache lango kama ulivyolikuta, liwe wazi au limefungwa. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Ukiwa na mbwa, mshike kwa kamba, lakini ng'ombe wakikukimbilia mwachie, kwa kuwa wanayemfuata ni yeye, naye anaweza kuwakimbia kuliko wewe.