Kolo mee ya asubuhi Kuching: mambo ya kujua kabla hujavuta kiti

Kolo mee, tambi za Kichina zisizo na mchuzi, ni chakula cha asubuhi, na asubuhi ya wauza kolo mee huisha mapema. Jua la Kuching, Malaysia, huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa moja meza zimeshajaa: wanafunzi wenye sare, wazee na magazeti yao, mafundi wanaokwenda kazini, bibi anayempulizia mjukuu tambi zipoe. Saa nne vibanda vyenye sifa vinakwangua masufuria. Saa sita utawakuta wanapiga deki. Mgeni anayelala mpaka saa tatu, akaoga taratibu, akapiga picha kando ya Mto Sarawak, ndipo akaanza kuulizia tambi, atakula, maana mji huu haukosi chakula. Ila atakula pale ambapo nyama ya asubuhi haijaisha, na mara nyingi haijaisha kwa sababu.

Kuching ni mji mkuu wa Sarawak, jimbo la Malaysia lililoko kisiwani Borneo. Mimi nipo hapa kwa masomo, na kila likizo hupokea wenzangu Watanzania na Wakenya wanaosoma upande wa Kuala Lumpur. Kwa ndege ni chini kidogo ya saa mbili, lakini njoo na pasipoti: Sarawak ina mamlaka yake ya uhamiaji, na hukaguliwa hata ukitoka ndani ya Malaysia hiyohiyo. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha yake ya miji bunifu ya mapishi. Wenyeji walifurahi, kisha wakaendelea na ugomvi wao wa siku zote, wa kibanda gani ndicho chenyewe.

Sasa bakuli lenyewe. Tambi ni nyembamba, za ngano na mayai, zimejikunja kama nywele zilizofumuliwa baada ya kusukwa. Mpishi anasimama mbele ya sufuria kubwa la maji yanayotokota. Anachukua fungu la tambi, analitia kwenye kichujio cha waya chenye mpini, analizamisha, analikoroga kwa vijiti virefu. Haijafika dakika, analitoa na kulichovya kwenye maji baridi, kisha analirudisha kwenye moto kwa muda mfupi tu. Lile bafu la baridi halirukwi. Tambi nyingi za manjano za Kichina hutiwa chumvi ya alkali, jamaa ya magadi tunayotia kwenye maharage, na maji baridi huondoa harufu hiyo pamoja na utelezi wa wanga, tambi zikabaki kakamavu. Kwenye bakuli kuna mafuta ya nguruwe yaliyokaangiwa vitunguu vidogo vyekundu, siki kidogo, chumvi au sosi ya soya, na unga wa kukoleza ladha ambao hakuna anayeuficha. Tambi zinamwagwa humo, zinageuzwa kwa kasi, halafu juu yake nyama ya kusaga, vipande vya char siu (nyama tamu ya nguruwe ya kuchoma), majani ya vitunguu na vile vitunguu vya kukaanga. Hakuna mchuzi ndani. Supu nyepesi huja pembeni kwenye kibakuli chake.

Ukiyajua hayo utajua cha kutazama unapochagua kibanda, na si mabango wala picha za watu maarufu ukutani. Mimi hutazama mikono ya mpishi. Anapika mabakuli machache kwa wakati mmoja au anachemsha lundo zima kisha anagawa? Tambi zilizochemshwa kwa lundo hushikana na kugeuka uji zikiwa bado kwenye sahani. Anabadilisha maji yakichafuka, au yamekuwa mazito kama ya kupikia ugali? Halafu hutazama waliokaa: wazee wengi wa mtaani ni dalili nzuri kuliko vijana wengi wenye kamera, maana mzee hapangi foleni mara mbili kwenye chakula kibovu. Foleni yenyewe isikutishe. Inakwenda haraka, na kwa tumbo la mgeni ndiyo salama yako, kwa kuwa nyama haikai na maji hayaachi kuchemka.

Nyama ndiyo inayowachanganya watu wa kwetu. Sisi nguruwe tunamjua kama kitimoto: jioni, baa, unaagiza kwa kilo, unasubiri saa nzima ukishushia na kinywaji, inakuja na ndizi za kukaanga na pilipili, mnanawa mikono na kuanza kazi. Char siu ni habari nyingine. Ni mapande marefu ya nyama, aghalabu ya bega, yaliyolazwa kwenye sukari au asali, sosi ya soya na viungo, kisha yakaning'inizwa au kulazwa motoni mpaka kingo zikaungua kidogo na uso ukang'aa. Ni tamu kwa maana ya sukari. Hukatwa vipande vyembamba, na kwenye bakuli la kawaida unapata vichache tu. Nimemsikia mgeni wangu mmoja akinong'ona kwa Kiswahili, "Hii ni nyama ya kuonja?" Ndiyo, kaka, ya kuonja. Bakuli ni la tambi, nyama imekuja kusindikiza. Unaweza kuomba waongeze na watakuongezea kwa ringgit (fedha ya Malaysia) kidogo, lakini sukari ya char siu ikizidi inafunika siki na vitunguu, na ukishavifunika hivyo umebaki na peremende yenye tambi. Kama shida yako ni nyama, rudi mchana kwenye maduka yanayochoma nguruwe na bata, huko inakatwa ya kutosha na kuwekwa juu ya wali, pamoja na ile yenye ngozi inayovunjika kama biskuti.

Sifa ya ulaji wa asubuhi hapa ni kwamba hakuna anayekukaribisha. Usisimame mlangoni ukingoja kuonyeshwa kiti. Vibanda vingi viko ndani ya kopitiam, mgahawa wa Kichina wenye mwenyewe anayeuza vinywaji na kukodisha nafasi kwa wapishi. Mmoja ana kolo mee, jirani yake ana laksa (tambi za mchuzi wa viungo), wa pembeni ana uji. Tafuta kiti kwanza. Meza ikiwa na mtu mmoja na viti vitatu vitupu, onyesha kiti kwa mkono, akiitikia kwa kichwa kaa. Salamu ndefu za kwetu za habari za asubuhi na za nyumbani mtu huyu hazitarajii akiwa na tambi mdomoni. Kisha nenda kwa mpishi useme unachotaka na uonyeshe meza yako. Mpishi mtu mzima mwite anko, mama mwite anti, kijana ni bosi. Hutaonekana mshamba, hivyo ndivyo wenyeji wenyewe wanavyowaita, na kwa mtu aliyekulia Dar inatoka mdomoni bila kujifunza. Wauza tambi wengi hapa huzungumza Kihokkien au Kihakka wao kwa wao, Kimalei na Kiingereza kwa wateja.

Wa vinywaji atakufuata mwenyewe. Hesabu yake ni tofauti na ya mpishi, kwa hiyo utalipa mara mbili, na kwa kawaida unalipa chakula kinapowekwa mezani. Uwe na noti ndogondogo. Bakuli la kawaida ni kama ringgit 5 hadi 8, na kumpa anko noti ya 100 saa moja asubuhi ni kumfungia kazi. Kahawa ya hapa hukaangwa pamoja na sukari na majarini, kwa hiyo ni nyeusi tii na nzito. "Kopi" inakuja na maziwa mazito ya kopo yenye sukari, "kopi-o" ni ya rangi yenye sukari, na asiyetaka sukari wala maziwa aseme "kopi-o kosong". Mimi binafsi na kolo mee hunywa kopi-o, maana mafuta yale yanahitaji kitu kichungu. Ile chai ya barafu ya rangi tatu, yenye maziwa ya kopo na sukari ya mnazi wa mikoko wanayoiita gula apong, ni nzuri mno, ila ni ya saa nane mchana wakati jasho linakutoka.

Kwenye kuagiza, maneno ni machache. Mee ni tambi zile za kujikunja, mee pok ni bapa, na bihun ni zile nyembamba za mchele. Ukisema "ang" unapata nyekundu, yaani iliyochanganywa na mafuta na sosi ya char siu. Usiposema kitu unapata nyeupe. Siku ya kwanza chukua nyeupe, ndiyo utaonja kazi ya mpishi, kwa kuwa haina utamu wa kujifichia. Siku nyingine jaribu nyekundu, hasa kama umeamka na njaa ya kitoto. Mezani kutakuwa na pilipili za kijani zilizokatwa na kulowekwa kwenye siki. Tia hizo, na kijiko cha siki yake pia. Sosi ya soya iache, chumvi imeshatosha.

Kisha kula. Namaanisha kula hapohapo, simu ikae mfukoni. Geuza tambi kutoka chini mpaka juu kwa vijiti (au uma, watakupa, hakuna atakayekucheka) ili mafuta yaliyoshuka yapande, na umalize zikiwa na moto. Dakika kumi zikipita zinakauka, zinashikana, mafuta yanaganda kwenye kingo za bakuli. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuibeba. Watu wa hapa huifunga kwenye karatasi na kwenda nayo ofisini, wanasema "bungkus", na wana haki yao, ila wao wameila tangu utotoni, hata ikipoa ulimi unakumbuka. Wewe umepanda ndege. Supu nayo ni ya kupiga mafunda katikati, usiimwage juu ya tambi. Ukimaliza ondoka, kuna mtu amesimama nyuma yako na sahani.

Kwa msomaji Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, sikiliza hapa kwa makini. Kuna watu watakushauri uagize "kosong", yaani tupu, bila nyama. Kilichokosekana kwenye tupu hiyo ni vipande vya nyama tu, mafuta ya nguruwe yamo ndani, na kichujio na maji ni yale yale. Hata kumwomba mpishi atumie mafuta mengine hakusaidii chochote. Usijitese wala usimsumbue. Wamalei wa Kuching wana ya kwao, inaitwa mee kolok, inapikwa kwa ng'ombe au kuku na mafuta ya halali, na si ya kujifariji: ipo mitaani kote na ina wapenzi wake ambao hawabadilishi kwa chochote. Tafuta kibanda cha Wamalei au chenye alama ya halali, uagize mee kolok daging, ya ng'ombe. Nimewapeleka huko marafiki wa Zanzibar na Mombasa, wakaniachia mimi bili.

Wanaouliza pa kuanzia huwaelekeza Carpenter Street, mtaa wa zamani karibu na mto, ambako vibanda vimekaa uani mkabala na hekalu la Kichina, au barabara ya Padungan yenye kopitiam kila hatua chache. Jaribu viwili vitatu kabla hujaamini mtu, mimi nikiwemo. Jumamosi na Jumapili ongeza subira, familia nzima hutoka, bibi na babu wakiwa mbele. Na kama safari yako inaangukia mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, ujue wapishi hawa nao wana kwao: vibanda vingi hufungwa siku kadhaa, vingine wiki nzima. Kipindi hicho hata sisi walaji wa nguruwe huwakuta Wamalei wameshawasha majiko, tukapanga foleni ya mee kolok pamoja na wengine.