Kabla hujaandika opkg install

Vijana mnaoanza kazi ya mitandao hapa Unguja na Pemba, wengi wenu mmejifunzia Linux kwenye laptopu yenye nafasi tele. Huko mtu anaweka programu bila hata kuuliza zitakaa wapi. Siku mtakapoingia ndani ya rauta yenye OpenWrt, yaani Linux iliyotengenezewa rauta, mtaona amri zinafanana, mtajiona mpo kwenu. Hapo ndipo pa kutulia.

Rauta niliyoanzia mimi ilikuwa na hifadhi ya megabaiti 8 na ramu ya megabaiti 64. Katika hizo 8, sehemu kubwa imeshachukuliwa na mfumo wenyewe, uliobanwa na kufungwa usiandikwe juu yake. Kipande kinachobaki huitwa overlay, na humo ndimo inamokaa mipangilio yako yote pamoja na kila kifurushi unachoongeza. Kifurushi ninachosema hapa ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake katika faili la .ipk, si bando la simu. Basi amri yako ya kwanza isiwe opkg, ile ya kuweka na kuondoa vifurushi, iwe df -h /overlay, inayokuonesha nafasi iliyobaki. Isome hiyo namba, uiandike daftarini, ndiyo uendelee.

Halafu opkg update. Orodha ya vifurushi inashushwa kwenye /tmp, na /tmp imo ndani ya ramu, kwa hiyo umeme ukikatika orodha imekwenda. Kila mwaka napigiwa simu na kijana aliyeshtuka: kifurushi cha jana leo rauta inasema haikijui. Hakijaharibika kitu, mwanangu, rudia opkg update. Ikikataa, andika date. Rauta nyingi hazina betri ya saa, na umeme ukirudi saa yake huwa imebaki nyuma mpaka ipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Ikiwa nyuma, cheti cha usalama cha seva kinaonekana hakijaanza kufanya kazi, na kila kinachoshushwa kinagoma. Nimeona fundi akibadilisha waya na DNS toka asubuhi mpaka adhuhuri, kumbe tatizo ni saa.

Sasa lile ambalo nataka mlishike kuliko yote: msisasishe vifurushi vyote kwa mkupuo. Kwenye laptopu ni tabia njema, kwenye rauta ni hatari. Kifurushi kilichokuja na mfumo kinakaa kwenye sehemu iliyofungwa, hakifutiki. Ukikisasisha, kipya kinaingia overlay na cha zamani kinabaki palepale, kwa hiyo unalipa nafasi mara mbili. Tena opkg haibadilishi kiini cha Linux kilichomo ndani ya rauta, na vile vifurushi vya kmod, yaani vipande vya kuongezea kwenye kiini, vinataka kiini kilekile vilichotengenezewa. Ukitaka toleo jipya, weka mfumo mzima mpya kwa sysupgrade.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa Mjini usiku, nimeingia kwa mbali kwenye rauta ya skuli moja kaskazini mwa Pemba, nikaandika ule mstari mmoja unaosasisha kila kitu. Overlay ikajaa katikati ya kazi, mawasiliano yakakatika, na rauta haikuwaka tena sawasawa. Wanafunzi walikaa siku tatu bila mtandao. Nikapanda boti Malindi, nikashuka Mkoani, nikachukua gari mpaka Wete na mbele yake. Dawa yenyewe ilikuwa ya dakika chache: kuiwasha rauta na kubonyeza kitufe taa inapometameta ili iingie failsafe, yaani hali ya dharura, kuipa laptopu anwani 192.168.1.2, kuingia kwa ssh kwenye 192.168.1.1, na kuandika firstboot. Lakini firstboot inafuta overlay yote. Mipangilio ya skuli niliiandika upya kwa kukumbuka, na mwalimu aliyekuwa amekaa pembeni yangu alikuwa na haki ya kununa.

Tangu hapo siongezi kitu kabla ya opkg install --noaction, na jina la kifurushi baada yake. Inakuonesha vitakavyofuatana nacho bila kuweka chochote. Mara nyingi kitu kidogo huburuta vingine vitano. Na ukiondoa ulichokiongeza wewe, tumia opkg remove --autoremove ili wale wafuasi nao waondoke. Kukiondoa kilichokuja na mfumo hakukurudishii nafasi, kunaweka alama tu kwamba kimefichwa.

Ukiwa unakwenda mahali ambapo intaneti haijafika, shusha vifurushi kwenye laptopu kabla hujapanda boti, pamoja na vyote vinavyotegemewa. Hakikisha ni vya toleo lilelile na aina ileile ya prosesa. opkg print-architecture inakuambia aina. Ukifika, vipeleke kwenye /tmp kwa scp -O, kwani bila hiyo -O laptopu za siku hizi hushindwa kuelewana na rauta, kisha opkg install /tmp/*.ipk.

Mtakutana pia na apk. Toleo la 24.10 la OpenWrt bado linatumia opkg, lakini mfumo unaoendelea kutengenezwa ulihamia apk, iliyotoka Alpine, Linux nyingine ndogo, mwishoni mwa 2024. Unaandika apk add badala ya opkg install, na apk del badala ya opkg remove. Hifadhi ni ileile ndogo, na hesabu ni ileile.

Na kabla hujaondoka kwa mteja: opkg list-installed iwe ndani ya faili, na sysupgrade -b /tmp/chelezo.tar.gz kwa ajili ya mipangilio. Yote mawili yahamishie kwenye laptopu papo hapo, kabla umeme haujakatika, maana nayo yamo ndani ya /tmp.